Kiti cha ofisi: kabla hujanunua kingine, seti hicho ulichonacho

Mi ni mfiziotherapia na wagonjwa wangu wengi ni watu wa kushinda wamekaa, wahasibu, watu wa programu, wapokea simu, na karibu wote huja na swali lilelile, "dokta ninunue kiti gani?" Huwa nawauliza kwanza, hicho unachokalia umeshawahi kukiseti? Wengi hawajawahi, wamekipandisha wakakishusha siku ya kwanza bas, kuna wenzo hapo chini hawajui kazi yake na kuna kirungu cha kuzungusha hawajawahi hata kukigusa.

Sasa kitu kinachowaumiza zaidi ni hii imani kwamba kukaa vizuri ni kukaa wima kabisa, nyuzi 90 kiunoni, kutwa nzima, mtu anakaza mgongo nusu saa afu anachoka anajikunja juu ya kibodi. Daktari mmoja wa mifupa wa Sweden, Alf Nachemson, kwenye miaka ya 1960 na 1970 alipima presha ndani ya diski za mgongo, vile visahani laini vya katikati ya pingili, kwa kuingiza sindano yenye kipimo, akakuta mtu aliyekaa bila kuegemea anapata presha kubwa kuliko aliyesimama, na akiinama mbele ndo inapanda zaidi. Vipimo vya watu wengine baadaye viliipunguza sana ile tofauti ya kukaa na kusimama, ila hii ya kuegemea imebaki palepale: ukiegemea nyuma presha inashuka, maana mgongo wa kiti unakubebea sehemu ya uzito wa kiwiliwili. Kwa hiyo mi nasema laza mgongo wa kiti kidogo, nyuzi 100 mpaka 110 hivi, na uegemee kweli, sio kukaa ukingoni kama mgeni anayetaka kuaga.

Ndo maana nikikagua kiti naanzia kwenye bembea ya mgongo wake, mto na rangi baadaye. Ile loki ya kuzuia mgongo wa kiti wengi wameifunga tangu kiti kilipofika, fungua. Halafu tafuta kile kirungu kikubwa, mara nyingi kiko chini ya kikalio kwa mbele, kinakaza na kulegeza springi. Egemea taratibu bila kujisukuma na miguu. Kiti kikikurudisha mbele kwa nguvu, springi imekaza mno kwa uzito wako, legeza, kikikuachia ukaenda nyuma ghafla, kaza. Mtu wa kilo 50 na wa kilo 95 hawawezi kutumia mkazo mmoja, ni hesabu tu. Ukipatia utajisikia unaenda nyuma na kurudi kwa pumzi tu, na hapo mgongo unakuwa unasogea siku nzima bila we kukumbuka, na mgongo unapenda kusogea kuliko mkao wowote nitakaokufundisha.

Urefu nao una ugomvi wake. Kila mtu anaambiwa nyayo zikae chini, sawa, lakini meza nyingi za ofisi zina sentimita 72 mpaka 75 na hazishuki, kwa hiyo mtu mfupi akishusha kiti nyayo zifike chini, mabega yanapanda juu ili mikono ifikie kibodi, jioni shingo imekaza kama kamba anadhani ni stresi. We fanya kinyume, pandisha kiti mpaka viwiko vilingane na kibodi huku mabega yamelegea, halafu weka kitu imara chini ya miguu. Usiiache ining'inie, ukingo wa kiti utabana nyuma ya mapaja na miguu itakufa ganzi.

Kitu watu wanasahau kabisa wakienda kununua ni kina cha kikalio, yaani kutoka mgongo wa kiti mpaka ukingo wa mbele. Kaa mpaka nyuma kabisa, kati ya ukingo na nyuma ya goti vipite vidole viwili au vitatu. Visipopita, kikalio ni kirefu kwako, utasogea mbele tu, na ukishasogea mbele kile kinundu cha kuegemeza kiuno ulicholipia hakikugusi tena. Tafuta chenye kikalio kinachotelezeshwa, au kinachouzwa kwa saizi, kile kiti cha Aeron cha kampuni ya Herman Miller kilichotoka 1994 kilikuja na saizi tatu, A, B na C, na mpaka leo nashangaa kwa nini viti vingi bado ni saizi moja kwa dunia nzima.

Vile viti vya magemu vyenye mashavu pembeni mi sivipendi kwa kazi, mashavu yale yametoka kwenye viti vya magari ya mashindano, huko yanamshika dereva kwenye kona, wewe mezani huna kona, yanakubana tu. Egemeo la kichwa si lazima. Matairi magumu ni ya zulia, laini ni ya sakafu ngumu. Mikono ya kiti ikigonga meza na kukuzuia kusogea karibu, ishushe, ikigoma, ing'oe kabisa.

Na kama unatumia laptopu peke yake hakuna kiti kitakachokuokoa, skrini iko chini na kibodi imeganda nayo, kwa hiyo ama unainamisha shingo ama unainua mabega. Inyanyue, nunua kibodi ya pembeni na mausi, ni rahisi kuliko kiti kipya.

Simama pia kila nusu saa hivi hata dakika moja. Ila kama maumivu yanashuka mguuni na ganzi au mguu unakosa nguvu, achana na habari za viti, nenda ukapimwe, na ukipoteza hisia sehemu za siri au ukashindwa kuzuia haja au mkojo, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje kesho.