Skeli na geji: HO si upana wa reli

Penye mazungumzo ya treni za mfano kwa Kiswahili, sentensi hii haikosi: "Mimi natumia geji ya HO." Msikilizaji anaelewa, kazi inaendelea, na hakuna anayesahihisha. Kisha mtu anaagiza reli kwa maneno hayohayo, mzigo unafika, anakiweka kichwa cha treni juu yake, na magurudumu yanakaa nje ya reli au yanadumbukia katikati.

Maana zenyewe hazichukui muda. Skeli ni uwiano wa mfano na kitu halisi: 1:87 maana yake kila milimita 87 za treni ya kweli zimekuwa milimita 1. Geji ni umbali kati ya reli mbili, unaopimwa kutoka ubavu wa ndani wa reli hii hadi ubavu wa ndani wa ile. Skeli haina kizio. Geji ina milimita. HO ni skeli, ile ya 1:87. Geji inayoandamana nayo mara nyingi ni milimita 16.5, kwa kuwa milimita 1435, geji ya kawaida ya treni halisi, ukiigawa kwa 87 unapata 16.49. Watu husahau hayo maneno "mara nyingi", na shida huanzia hapo.

Mkanganyiko wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilipeleka kwenye maonyesho ya Leipzig treni za kuchezea ambazo upana wa njia zake ulipangwa kwa namba. Enzi hizo namba ilikuwa geji kweli. Kiwanda kilihakikisha magurudumu yanaenea njiani. Urefu wa behewa ulikuwa jambo la kukadiria kwa macho. Baadaye ikatoka njia ndogo kuliko ile ya namba 1, nayo ikapewa 0. Hiyo ni sifuri, si herufi. Waingereza na Wamarekani ndio walioisoma kama O hadi ikazoeleka. Geji yake ni milimita 32.

Ilipokuja ndogo zaidi iliitwa 00, na baada ya muda ikapata jina H0, yaani "nusu ya sifuri". Ndiyo maana Mjerumani hutamka "Ha-Null" hadi leo. Sasa, nusu ya nini? Si ya geji, maana nusu ya 32 ni 16, siyo 16.5. Ni nusu ya skeli. Waingereza walijenga 0 kwa milimita 7 kwa kila futi moja ya kweli. Nusu yake ni milimita 3.5 kwa futi, na futi ina milimita 304.8. Gawanya, utapata 87.1. Jina lililozaliwa kama geji lilikuwa limeshahamia kwenye skeli, na wengi wetu hatukupata habari.

Uingereza ndiko mambo yalikoharibika kabisa. Vichwa vya treni vya huko ni vidogo kuliko vya bara la Ulaya, na mota za miaka ya 1920 na 1930 hazikuenea ndani ya kichwa cha Kiingereza cha 1:87. Wakakuza mwili hadi milimita 4 kwa futi, yaani 1:76, ila njia wakaiacha ileile ya 16.5. Ndiyo OO: treni za kuchezea za Hornby Dublo za 1938 zilitoka hivyo, na OO bado inauzwa hivyo. Zidisha 16.5 kwa 76.2: unapata milimita 1257, wakati treni halisi inapita juu ya 1435. Kila treni ya OO, basi, inatembea juu ya njia iliyopungua kama sentimita 18 za uhalisia. Wasiovumilia hilo hupanua njia hadi 18.2 au hadi 18.83 iliyo sahihi, na hulazimika kubadilisha ekseli zote. HO na OO huweza kupita kwenye reli moja bila tatizo, lakini hilo halizifanyi kuwa kitu kimoja. Weka behewa la HO nyuma ya kichwa cha OO uone lilivyosinyaa.

Mfano unaomaliza ubishi ni reli ya milimita 45, ile ya treni kubwa za bustanini. Kwenye skeli ya 1:32, milimita 45 ni 1440: hiyo ni SGR, reli ya geji ya kawaida ya 1435. Kwenye 1:22.5, ambayo LGB, watengenezaji wa treni za bustanini, wamekuwa wakiitumia tangu 1968, ni milimita 1012: hiyo ni reli ya mita moja, ile iliyojengwa kutoka Mombasa kwenda Uganda na ile ya kati ya Tanzania. Kwenye 1:20.3 ni milimita 914, reli ya futi tatu ya milima ya Colorado. Kipande ni kilekile cha shaba mkononi, nacho kinasimama badala ya njia tatu tofauti. Geji peke yake haijakuambia lolote kuhusu ukubwa wa treni.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si la nadharia tu, kwa sababu tuna geji tatu: 1000, 1067 ya TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia), na 1435 ya SGR. (Na kwa kuwa tumefika hapo: SGR si jina la mwendo kasi wala la umeme. Ya Kenya inavutwa kwa dizeli, ya Tanzania kwa umeme, na zote ni 1435.) Chukua Garratt, kichwa kikubwa cha treni ya mvuke, aina ya 59 ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Zilitengenezwa 34 na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, na moja, 5918 Mount Gelai, imo kwenye Jumba la Makumbusho ya Reli Nairobi. Ina urefu wa karibu mita 31.7, kwa 1:87 ni sentimita 36 na nusu. Ukiipachika kwenye njia ya 16.5 kwa kuwa "ni HO", umeipanulia njia kwa milimita 435 za uhalisia. Uzuri wa mashine ile, tani zaidi ya 250 zikining'inia pande zote mbili za njia nyembamba, unapotea hapohapo.

Njia yake sahihi ni milimita 12. Kwa 1:87 hiyo ni 1044, tofauti ya nusu milimita kwenye mfano, na jicho haliioni. Lakini mtego upo: njia ya skeli ya TT, 1:120, nayo ni milimita 12, kwa sababu 1435 gawa kwa 120 ni hiyohiyo. Ukiagiza "reli ya milimita 12" bila kusema zaidi, unaweza kuletewa ya TT, yenye mataruma (vipande vya chini vinavyobeba reli) membamba yaliyobanana. Treni itapita vizuri. Njia itaonekana ya SGR ndogo. Ya mita moja huuzwa kwa jina la HOm, na mataruma yake ni mapana na yameachana zaidi.

Mwenye kuijenga TAZARA ana njia nzuri ambayo wapenzi wa reli wa New Zealand, wenye 1067 pia, wanaitumia: skeli ya 1:120 juu ya reli za skeli ya N, zenye geji ya milimita 9. Inatoa 1080.

Mara nyingi geji inasingiziwa. Treni ikitoka njiani kwenye pointi (mahali njia inapogawanyika), chukua kalipa na upime kwanza magurudumu: kwa njia ya 16.5, nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja iwe karibu milimita 14.4. Ikiwa 14 tu, magurudumu yatabana na kupanda kwenye pointi hata kama njia haina kasoro. Shika magurudumu yote mawili, zungusha huku ukivuta kidogo, pima tena. Kisha pima njia, hasa kwenye maungio. Nyumbani geji huharibiwa zaidi na solda: ukikawia na kifaa cha moto juu ya reli, plastiki ya mataruma inalainika na reli inasogea. Gusa sekunde mbili tatu, acha ipoe. Kwa reli za kupinda, unga vipande viwili kwa solda vikiwa vimenyooka ndipo uvipinde. Ukiunga ndani ya kona, maungio yanafanya kiwiko na njia inabana.

Namba za 100, 83 na 75 kwenye pakiti nazo si geji. Ni kimo cha reli kwa elfu za inchi: milimita 2.54, 2.1 na 1.9. Magurudumu ya zamani yenye ukingo mrefu hugonga vishikizo vya reli fupi na kutoa mlio wa kukwaruza, na hapo pia geji hulaumiwa bure.

Basi ukiulizwa geji, taja milimita. Ukiulizwa skeli, taja uwiano. Kwa ile Garratt, oda iandikwe hivi: "1:87, geji milimita 12, mataruma ya reli ya mita, si ya TT." Herufi HO unaweza kuziongeza mwishoni ukipenda.