Je, wajua kwa nini hasira ya mwenzako inakupata kabla hajatamka neno?

Ni msimu wa korosho, Tandahimba, mkoani Mtwara. Baba anarudi jioni kutoka chama cha msingi, ushirika wa wakulima. Mzigo wake ulishapimwa, ukauzwa mnadani, ila hela haijaingia. Hajasema kitu. Kaegemeza baiskeli ukutani, kavua viatu, kakaa barazani. Mkewe, aliyekuwa akicheka na watoto jikoni, anajikuta kanyamaza na mabega yamemkaza. Nani kamwambia?

Macho na masikio yake. Binadamu huigana nyuso, sauti na mikao bila kujijua. Miaka ya 1990 mwanasaikolojia Elaine Hatfield wa Marekani na wenzake walieleza kuwa tukiigana hivyo, hisia zenyewe nazo huhama, wakaita hali hiyo maambukizi ya hisia. Kwa wapenzi njia hii ni pana zaidi, maana wamesomana kwa miaka. Mke anakijua kikohozi cha mumewe cha kawaida na kile cha siku ya deni.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Tunaamini mapenzi ni kuungua pamoja: "Ungekuwa unanipenda, ungeumia kama ninavyoumia." Mwaka 1983 wanasaikolojia Robert Levenson na John Gottman walichapisha utafiti wa wanandoa 30. Waliwafunga vipimo vya mapigo ya moyo na jasho la ngozi, kisha wakawaacha wazungumzie jambo linalowagombanisha. Ndoa ambazo miili ya wawili hao ilipanda na kushuka pamoja ndizo zilizokuwa na furaha kidogo. Mmoja akipandisha, mwingine anapandisha, na hakuna anayebaki chini wa kumshusha mwenzake. Yeyote aliyewahi kugombana usiku kwa sababu ya ada ya shule anaijua ngazi hiyo.

Lakini njia inayopitisha hofu hupitisha utulivu pia, na kwangu hili ndilo zuri kuliko yote. Mwaka 2006 mwanasaikolojia James Coan na wenzake waliwalaza wanawake 16 walioolewa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakijua kwamba huenda watapigwa shoti ndogo ya umeme mguuni. Wakati mwingine walikuwa peke yao, wakati mwingine walishika mkono wa mtu wasiyemjua, wakati mwingine wa mume. Mkono wa mgeni ulisaidia kidogo. Wa mume ulituliza zaidi sehemu za ubongo zinazoshughulika na hatari, na kwa waliokuwa na ndoa nzuri zaidi, utulivu ulizidi. Shoti ilikuwa ileile. Ubongo ndio ulioacha kuibeba peke yake.

Mkono huo haukuwa na ufumbuzi wowote wala haukuuzima umeme. Ulikuwapo tu. Huku kwetu wengi hatushikani mikono barabarani, na si lazima. Hata kukaa jirani, sauti ikiwa ya chini, huenda kukasaidia.

Pale barazani Tandahimba, mama anashusha pumzi, anamletea mumewe maji ya kunawa. Ugali wa muhogo na kisamvu vinafuata. Anakaa mkekani karibu naye, bega kwa bega, na habari ya malipo hataiuliza mpaka sahani iishe.