Mnampeleka mtoto likizo nyumbani? Anzeni na malaria

Desemba ikikaribia, Watanzania na Wakenya wengi waishio Uingereza, Sweden, Marekani na kwingineko hufunga mizigo kwenda kuwaonyesha wazee mjukuu. Mtoto ana mwaka mmoja na nusu, pasipoti imetoka, tiketi imekatwa, zawadi zimejaa begi. Linalosahaulika mara nyingi ni dawa ya kumkinga na malaria, maana wazazi hujiambia: "Si tunakwenda kwetu?"

Mtoto huyo huko ni mgeni. Aliyekulia Morogoro au Kisumu hujijengea kinga kiasi kwa kuugua mara kwa mara utotoni, na hata kinga hiyo hufifia akikaa ughaibuni miaka kadhaa. Mtoto aliyezaliwa London hana kabisa. Malaria ikimpata inaweza kumfikisha haraka kwenye degedege au upungufu mkubwa wa damu, kwa hiyo sisi wahudumu wa afya ya watoto hatuchoki kulirudia jambo hili.

Nendeni kwa daktari au kliniki ya wasafiri huko mliko wiki 4 hadi 6 kabla ya safari. Dozi hupangwa kwa uzito, hivyo mtoto apimwe kilo zake upya. Wadogo hupewa sana atovakwoni na proguanili, dawa mbili za kukinga malaria zilizo ndani ya kidonge kimoja: kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya kufika, muda wote mtakaokuwa huko, kisha siku 7 baada ya kuondoka. Hizo 7 za mwisho msizikatize. Doksisaiklini, dawa nyingine ya kinga anayomeza baba, asipewe mtoto.

Kumpa dawa ni kazi, maana kidonge ni kichungu. Kisage kati ya vijiko viwili, changanya na maziwa kidogo au kijiko kimoja cha uji. Ukikitia kwenye bakuli zima ataacha nusu, na hutajua amekula dawa kiasi gani. Akitapika ndani ya saa moja, mrudishie dozi.

Ulizeni pia kuhusu homa ya manjano. Tanzania hudai cheti cha chanjo kwa msafiri wa kuanzia mwaka mmoja anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, au aliyesubiri ndege huko zaidi ya saa 12. Anayeunganisha ndege Addis Ababa au Nairobi ahesabu saa zake vizuri, kwani cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo.

Mbu waenezao malaria huuma tangu giza linapoingia hadi alfajiri, saa ambazo watu wamekaa barazani wakipiga soga na mtoto yuko kaptula. Saa kumi na mbili jioni mvalisheni suruali na soksi. Bibi atataka kulala na mjukuu wake, na ni haki yake. Walale ndani ya chandarua chenye dawa, kilichochomekwa chini ya godoro pande zote.

Mtoto akichemka, mtasikia mengi: anaota meno, hewa imembadilikia, ni uchovu wa safari. Kuota meno hakuleti homa kali. Apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka huhitaji tone la damu ya kidole, na majibu hutoka ndani ya nusu saa. Kumpa parasetamo na kusubiri kesho ni hatari, na kununua dawa mseto ya malaria dukani bila kipimo kunaweza kuficha ugonjwa mwingine.

Malaria inaweza pia kujitokeza wiki au miezi baada ya kurudi, katikati ya msimu wa mafua ya Ulaya. Daktari wa huko akiona kamasi na homa hataiwaza upesi. Mzazi aseme kabla ya yote: "Tumetoka Tanzania hivi karibuni, naomba apimwe malaria leo." Aseme hivyo hata kama mtoto alimaliza dawa zote.