Chupa za nyanya za Septemba: maswali mnayoniuliza kila mwaka

Mimi ni nesi, nafanya kazi kliniki hapa Ohio, Marekani, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kutembelea familia zetu majumbani, Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya. Kila ikifika Septemba, watoto wamerudi shule, asubuhi kuna kabaridi, bustani zimejaa nyanya na hoho, na wikendi watu wanaenda mashambani kuchuma maepo wanarudi na ndoo nzima. Halafu naingia jikoni kwa mtu nakuta chupa zimepangwa kwenye shelfu, nzuri kwa macho, nyekundu, zinang'aa, na nikiuliza zilitengenezwaje naishiwa nguvu. Ndo maana nimekaa chini kuandika haya, maana maswali ni yaleyale na kosa ni lilelile: kusindika chakula kwenye chupa nyumbani kwa namna inayoacha sumu itengenezeke humo ndani.

Tatizo hasa ni nini? Chakula kikiharibika si tutakiona tu?

Hapana. Hapo ndo kosa linapoanzia na nitalirudia mpaka mnichoke. Kuna bakteria anaitwa klostridiamu botulinamu, anaishi kwenye udongo, kwahiyo yuko kwenye ngozi ya kiazi, kwenye maharage mabichi, kwenye kitunguu, kwenye kila kitu kilichogusa shamba. Kwenye hewa hana neno na wewe. Ukimfungia kwenye chupa isiyoingiza hewa, chakula hakina uchachu wa kutosha, na chupa inakaa kabatini kwenye joto la kawaida la nyumba, anaamka anatengeneza sumu. Ugonjwa unaitwa botulizimu, unalegeza misuli kuanzia usoni kushuka chini mpaka misuli ya kupumulia. Na hiyo sumu haina harufu, haina ladha, haina rangi. Mfuniko unaweza kuvimba, unaweza usivimbe.

Lakini mimi nanusa kwanza, na naonja kidogo kwenye ncha ya kijiko.

Acha. Leo hii acha. Kunusa hakukuambii chochote, na kuonja ndo kabisa, kiasi kidogo sana cha sumu hiyo kinatosha kumlaza mtu mzima. Kila mwaka kuna mama ananiambia "nesi, ilikuwa inanukia vizuri kabisa." Naamini ilinukia vizuri. Chupa yenye sumu inaweza kunukia kama nyanya ulizopika jana.

Nimechemsha masaa matatu, bado kuna mdudu atakayebaki?

Ndiyo, anabaki. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100, hata uchemshe mpaka jioni hayapandi zaidi ya hapo. Bakteria wa kawaida wanakufa, lakini huyu ana kitu kama mbegu yenye ganda gumu, inaitwa spora, na spora inavumilia maji yanayochemka masaa mengi. Kuiua kunahitaji nyuzi 116 mpaka 121, na joto hilo nyumbani unalipata kwa mvuke wenye presha tu, kwa ile sufuria kubwa nzito ya kusindikia yenye geji juu. Siyo presha kuka ndogo ya kupikia maharage, wala ile ya umeme yenye vibatani, hata kama imeandikwa inafaa.

Lancaster hapahapa Ohio, Aprili 2015, watu walikula pamoja kanisani, kila mtu kaja na chakula chake kama tunavyofanya sisi. Kulikuwa na saladi ya viazi, na viazi vilikuwa vya chupa, vimesindikwa nyumbani kwa maji ya kuchemka bila presha, na kwenye saladi havikupashwa moto tena. Watu 29 waliugua, mmoja alifariki. Aliyetengeneza hakuwa mchafu wala mzembe, alichemsha, akadhani kuchemsha kunatosha.

Mbona bibi yangu alikuwa anatengeneza achari kila msimu wa maembe na hakuna aliyekufa?

Swali zuri na nalipenda. Bibi alitia ndimu au siki, chumvi ya kutosha, pilipili, akaianika juani, yaani ile achari ilikuwa kali mpaka ulimi unawasha. Huyu bakteria hapendi uchachu, na hapendi chumvi nyingi. Samaki bibi alimkausha, muhogo aliukausha, vitu vikavu pia havimpi nafasi. Lakini bibi hakuchukua maharage mabichi na mahindi na maji akayafungia kwenye chupa isiyopitisha hewa miezi sita. Hilo tumejifunza huku, kwa jirani au kwenye video ya dakika tano, na aliyetufundisha hakutuambia habari ya presha. Kwahiyo msimsingizie bibi.

Basi ni vyakula gani naweza kusindika kwa maji ya kuchemka tu?

Matunda machachu. Maepo, plamu, zabibu, pichi za njano, jamu za matunda ya kawaida. Vipande vya maepo vilivyochemshwa kwanza, ukivipakia vya moto kwenye chupa ya nusu lita au lita moja, ni dakika 20 ndani ya maji yanayochemka, na maji yafunike mfuniko kwa inchi moja au mbili. Maepo ya kuponda ni dakika 15 kwa chupa ya nusu lita na 20 kwa ya lita. Hizo ni dakika za sehemu za chini, ukikaa mlimani kama kule Denver zinaongezeka, angalia jedwali la dakika kulingana na mwinuko wa unapokaa. Mifuniko bapa inatumika mara moja tu, mwakani nunua mipya. Na ule mtindo wa kumimina jamu ya moto halafu unageuza chupa kichwa chini "ijifunge yenyewe," achaneni nao, kujifunga siyo kusindika.

Pichi nyeupe usiweke, uchachu wake ni mdogo. Boga pia hapana, hata likiwa na sukari kama jamu, boga unagandisha.

Na nyanya?

Nyanya ndo zinanikosesha usingizi. Watu wanadhani nyanya ni chachu kwahiyo ziko salama, kumbe nyanya zipo mpakani kabisa, mpaka wenyewe kwa kipimo cha uchachu ni pH 4.6 na kuna nyanya zinavuka juu yake, yaani uchachu hautoshi, hasa zilizoiva kupitiliza. Kwahiyo kila chupa ya lita moja tia vijiko viwili vya mezani vya maji ya limao, ya nusu lita kijiko kimoja, unatia ndani ya chupa yenyewe siyo kwenye sufuria. Halafu nyanya zilizopondwa ni dakika 45 kwa lita, 35 kwa nusu lita.

Sasa sikilizeni. Sisi hatuweki nyanya tupu. Sisi tunataka rojo, tunakaanga kitunguu, tunatia saumu, hoho, karoti, mafuta, tunataka jioni tukitoka kazini tufungue chupa tumimine kwenye nyama basi. Nawaelewa kabisa, na mimi nina watoto. Lakini ukishatia kitunguu na hoho na karoti uchachu umeshuka, na mafuta yanafanya hali kuwa mbaya zaidi, ile siyo nyanya tena. Rojo ya namna hiyo haiwekwi kwenye chupa ikakaa kabatini. Inawekwa kwenye mifuko, inalazwa bapa kwenye friza, inakaa miezi, unavunja kipande unatia kwenye sufuria. Friza ni rafiki yenu jamani, itumieni.

Limao la chupa? Si afadhali nikamue freshi?

Kwa kula, kamua. Kwa kusindika tumia la dukani, kwasababu uchachu wake umepimwa uko sawa chupa zote, limao la mti leo kali kesho maji matupu. Hiyo tu.

Saumu kwenye mafuta je? Na pilipili?

Friji, siku nne, ikizidi hapo mwaga au ungekuwa umegandisha. Isikae juu ya kaunta hata siku moja. Pilipili ya siki yenye siki ya kutosha haina shida, ya kusaga na mafuta tu ni friji.

Nitajuaje kama mtu kapata hiyo sumu?

Angalia uso. Mara nyingi inaanza masaa 12 mpaka 36 baada ya kula, lakini inaweza kuwa masaa machache, inaweza kuwa hata siku kumi, kwahiyo usiseme "ile chupa tulikula wiki iliyopita haihusiani." Anaona vitu viwiliviwili. Kope zinalegea, na kuna kitu nilikiona kwa mgonjwa sitakisahau, alikuwa anarudisha kichwa nyuma ili aweze kuniona kwa chini ya kope zake, kama mtu anayesoma kitu kilichoko juu ya mlango. Mdomo mkavu, ulimi mzito, maneno yanaburuzika, maji yanamkwama kooni. Baadaye shingo, mikono, miguu, halafu pumzi. Wengine wanaanza na kichefuchefu, wengine hawaumwi tumbo kabisa.

Lakini hana homa, na anaongea akili zake zote. Si ni uchovu tu, alale kidogo?

Asilale! Hili ndo kosa la pili linalofanana na lile la harufu. Botulizimu haileti homa, na akili inabaki timamu mpaka mwisho, mtu anakusikia, anakuelewa, anakujibu kwa kichwa, huku misuli inazimika. Kutokuwa na homa siyo dalili ya kupona. Huyo niliyemtaja familia ilikaa naye siku mbili ndani, wakisema ni zamu za usiku zimemchosha, wakampa chai ya tangawizi, wakamwombea, na mimi sisemi msiombe, ombeni mkiwa kwenye gari. Alipofika alikuwa anameza mate kwa shida. Alikaa kwenye mashine ya kupumulia wiki nyingi.

Kwanini nasisitiza masaa? Kwasababu kuna dawa, antitoksini, na dawa hiyo inazuia sumu iliyoko kwenye damu isiendelee, lakini haifungui misuli iliyokwisha kulegea. Ulichopoteza kabla ya dawa kinarudi chenyewe polepole, wiki, miezi. Na hapa Marekani dawa hiyo haikai tu kwenye kabati la kila hospitali, daktari anapiga simu idara ya afya, inaombwa CDC, yaani kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, inasafirishwa. Ukikaa nyumbani siku mbili, hayo masaa ya kusafirisha yanaongezeka juu ya siku zako mbili.

Anaona vitu viwiliviwili, kope zimelegea, ulimi mzito: piga 911, namba ya dharura. Hata kama siyo chupa inaweza kuwa kiharusi, nacho hakisubiri asubuhi.

Naogopa bili. Na Kiingereza changu siyo kizuri.

Bili najua, nimezishika mkononi za watu. Lakini tangu 1986 sheria ya hapa inalazimisha emajensi ikupime na ikutulize hali yako hata kama huna bima wala hela, bili itazungumzwa baadaye na mara nyingi kuna msaada wa kupunguziwa ukiomba. Mkalimani wa Kiswahili ni bure, ni haki yako, omba kwa simu au kwa skrini, na usimtumie mtoto wa darasa la tano kukutafsiria ugonjwa. Sema sentensi hii mapema, useme wewe kabla hujaulizwa: "Alikula chakula cha chupa kilichotengenezwa nyumbani." Madaktari wengi hawajawahi kuona ugonjwa huu, wanaweza kuhangaika na kiharusi, hiyo sentensi inawafungulia njia. Chupa ikiwa bado ipo, ifunge kwenye mfuko uende nayo. Na wote waliokula naye waende wakaangaliwe.

Mtoto ana miezi minne, bibi yake anataka kumpa asali ya kikohozi.

Hapana. Chini ya mwaka mmoja hakuna asali, hata ya kuramba kwenye kidole, hata iliyotoka Tabora kwenye dumu. Asali inaweza kubeba zile spora, tumbo la mtu mzima linazimudu, la mtoto mchanga bado, zinaamkia humohumo tumboni. Mtoto asiyepata choo siku kadhaa, ananyonya kwa kulegea, kilio kimekuwa kidogo kama paka, mpeleke siku hiyohiyo. Bibi anapenda mjukuu wake, mwambieni kwa heshima, lakini mwambieni.

Zaidi ya chupa, Septemba tukumbuke nini?

Chanjo ya mafua, Septemba au Oktoba, msingoje mpaka watu wameanza kuugua. Na chakula cha mtoto cha shule chenye nyama, maziwa au mayai kiwe na kipande cha barafu kwenye begi, kisikae zaidi ya masaa mawili bila ubaridi.

Nina chupa 22 za rojo yenye vitunguu na hoho, nimetengeneza wikendi iliyopita kwa maji ya kuchemka. Nizipashe moto dakika kumi kabla ya kula si inatosha?

Kuchemsha dakika kumi kunaua sumu, ni kweli, na chupa ya mboga iliyosindikwa kwa presha ni vizuri kuichemsha hivyo kabla ya kula. Lakini siyo njia ya kuokoa chupa iliyosindikwa vibaya, maana unaifungua, inakurukia kidoleni, mtoto analamba kijiko, mumeo anachota ya baridi usiku akitoka kazini. Ungeniuliza ndani ya masaa 24 ningekwambia fungua zote weka friza. Wiki imepita, hapana. Najua zimekula Jumamosi nzima na gesi na mgongo wako. Usizifungue, usizimwage kwenye sinki, funga zote kwenye mfuko mzito wa takataka, fundo mbili, peleka nje kwenye pipa leo kabla watoto hawajashuka kwenye basi la shule.