Je, wajua kwa nini mshindi wa shindano la biashara kwenye runinga si lazima awe ndiye aliyeamua vizuri?

Mtu akishinda shindano la biashara kwenye runinga, watu husema ana jicho la biashara. Msimu wa kwanza wa The Apprentice, Marekani mwaka 2004, ulikuwa na washiriki 16, na kazi ya kwanza ilikuwa kuuza juisi ya limau mitaani New York. Timu iliyoingiza pesa nyingi ilipona, iliyoshindwa ikapoteza mtu. Kosa la watazamaji huanzia hapo: mauzo ya siku moja hubeba uamuzi na bahati kwa pamoja, na hayaonyeshi kipi kilichangia kiasi gani.

Tuseme wachuuzi wawili wa dagaa pale Igombe, kando ya Ziwa Victoria jijini Mwanza, kila mmoja ananunua wabichi wa shilingi 200,000 alfajiri mitumbwi ikirudi. Jua likiwaka, dagaa hao watauzwa 300,000. Wakinyeshewa wanaishia kuwa chakula cha kuku, 80,000. Wa kwanza ananunua Julai, siku 9 kati ya 10 zikiwa kavu. Wastani wa mauzo yake ni 278,000. Wa pili ananunua Aprili, siku 5 kati ya 10, wastani 190,000, yaani hasara hata kabla hajaanika.

Sasa mvua ya ghafla ya Julai inamkumba wa kwanza, anapoteza 120,000. Wa pili anabahatika na jua la Aprili, anavuna faida ya 100,000. Kamera ingemtangaza huyu wa pili kuwa mshindi. Wakirudia mara 20 kila mmoja, kwa wastani yule wa kwanza atapata faida ya 1,560,000, wa pili atapoteza 200,000.

Kurudia ndiko kunakotenganisha. Anayemshinda mwenzake siku 6 kati ya 10 atapigwa mara 4 kati ya 10 wakikutana mara moja tu. Wakikutana mara 5, mnyonge bado hubeba ushindi wa jumla karibu mara 32 kati ya 100. Mara 25, hushuka hadi 15 hivi. Shindano la wiki chache halifiki huko.

Lakini si bahati tupu. Anayeanika juu ya chanja, hewa ikipita chini, dagaa wake hukauka haraka kuliko wa mchangani na hawana chengachenga za mchanga, kwa hiyo mvua ina muda mfupi zaidi wa kumwahi. Huo ni uamuzi, na unabadilisha hesabu yenyewe.

Majaji wa runinga husikiliza sababu baada ya matokeo kujulikana, ndipo sababu ileile ikasikika busara kwa mshindi na upuuzi kwa aliyeshindwa. Kipimo cha haki ni kuandika kabla ya kununua: bei, uwezekano wa mvua, na hasara ya juu kabisa utakayoweza kuibeba.