Je, wajua kwa nini kipima sukari kipya kinakuamsha usiku, na cha zamani kinanyamaza?

Jirani yangu wa Katuba, hapa Lubumbashi, ni mama anayejidunga insulini. Mtoto wake aliye Ubelgiji alimtumia vihisi viwili vya kubandika mkononi: FreeStyle Libre ya kwanza, pamoja na kisomeo chake, yaani kifaa kidogo kinachoonyesha namba, na Libre 3. Akaanza na ile ya kwanza. Alfajiri moja aliamka shuka limelowa jasho, mikono inatetemeka. Akasogeza kisomeo mkononi: 52 mg/dl, wakati chini ya 70 tayari ni hatari. Alipokwisha kunywa maji yaliyokorogwa vijiko vitatu vya sukari, ndipo akauliza kwa hasira: "Hii kintu ilikuwa inaniangalia tu?"

Ndiyo, mama, ilikuwa inakuangalia tu. Libre ya kwanza, iliyoingia sokoni Ulaya mwaka 2014, inapima usiku kucha lakini haisemi mpaka iulizwe. Kisomeo lazima kisogee karibu, kama sentimita 4, ndipo itoe namba. Kumbukumbu yake ni ya saa 8 tu: ukilala kwa muda wa saa 10 bila kuiuliza, zile mbili za mwanzo zimepotea. Libre 3 ina redio ya Bluetooth, na kila dakika inatuma namba yenyewe kwenye simu iliyo ndani ya mita 10 hivi. Sukari ikishuka, simu inalia. Katikati ipo Libre 2, ambayo ilipotoka ililia, ila namba ulipaswa kuifuata mwenyewe.

Chini ya ngozi, zote zinafanya kazi ileile. Kuna uzi mwembamba wenye kimeng'enya kinachogusana na sukari na kutoa umeme kidogo sana, na umeme huo ndio unaogeuzwa kuwa namba. Lakini uzi hauko ndani ya damu. Uko ndani ya maji yanayozunguka seli. Ukila bukari, sukari inapanda kwanza kwenye damu, na uzi unapata habari dakika kadhaa baadaye. Ikishuka ni vilevile. Kwa hiyo mwili ukikuambia jambo moja na kihisi jingine, toboa kidole, tumia bandeleti, vile vipande vya kupimia tone la damu. Hata kulalia mkono wenye kihisi kunaweza kuleta namba ya chini ya uongo, na kile kipya kitakuamsha bure.

Watengenezaji hupenda kujivunia usahihi. Katika majaribio, kosa la wastani lilikuwa asilimia 11.4 kwa Libre ya kwanza na 7.9 kwa Libre 3. Ni maendeleo, sikatai, lakini kama sukari yako ni 150, tofauti hiyo haibadilishi kitu mezani. Kwangu mimi, kinacholipiwa ni kile kilio cha usiku. Anayejidunga insulini, hasa asiyehisi tena sukari ikishuka, au mtoto mdogo, anakihitaji. Anayemeza metformini peke yake, kidonge cha kisukari ambayo mara chache sana humshusha mtu hivyo, anaweza kubaki na cha zamani, au na bandeleti zake.

Ila kuna umeme wetu. Simu ikizimika saa saba usiku, king'ora nacho kimezimika, wakati kisomeo cha zamani kikichajiwa kinakaa karibu wiki. Tena, kisomeo cha Libre ya kwanza hakisomi Libre 3. Mwambie ndugu yako wa ng'ambo aina ya simu uliyo nayo kabla hajalipa. Kila kihisi kati ya hivi viwili ni cha siku 14, basi kukosea boksi moja ni nusu mwezi imekwenda.

Libre 3 ya jirani yangu bado imo ndani ya boksi, kwa sababu simu yake ni ya vitufe. Wamekubaliana itakayolia ni simu ya mjukuu, naye ameshahamishia godoro lake chumba cha pili, upande wa ukuta wa bibi.