"Inajua hadi ukiwa na hasira"

Juzi Kariakoo nilimkuta kijana muuza simu akimwonyesha mama mmoja namna ya kufungua simu kwa uso. Alimsajili, akazima kioo, kisha akaiinua mbele yake. Ikafunguka. "Umeona mama, imekusoma. Hii inajua hadi ukiwa na hasira." Mama akaguna, akauliza bei ya mwisho ni ngapi.

Haikuwa mara yangu ya kwanza kusikia maneno hayo. Redioni wanasema, ofisini wanasema, na wote wanatumia jina moja, "utambuzi wa uso", kwa mambo matatu yasiyofanana. La kwanza ni kumtambua mtu: kompyuta inalinganisha sura iliyo mbele ya kamera na ile iliyohifadhiwa, kisha inaamua kama ni yeye au siye. La pili ni kutambua mwonekano wa uso, yaani nyusi zimeshuka, macho yamebanwa, pembe za midomo zimevutwa juu. La tatu ni kudai kwamba kwa kuwa uso uko hivyo, mwenyewe ana furaha, hasira au hofu. Simu ya yule mama ilifanya la kwanza tu, basi.

Nadhani kosa linaanzia kwenye kitenzi. Kutambua ndiko kulikozaa kitambulisho, na polisi wana gwaride la utambulisho, ambapo watu wanapangwa mstari na shahidi anamgusa yule aliyemwona. Kinachotambuliwa ni kitu ambacho tayari kipo na kinaweza kuhakikiwa. Ukisema kompyuta "imetambua hasira", umeshakubali kwamba hasira ilikuwepo, imesimama kwenye mstari ikingoja kuguswa begani.

Neno sura nalo lina mkanganyiko wake. Lile la usoni limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya umbo au picha, na huandikwa kwa herufi swad. Sura ya kitabu ni neno jingine kabisa, la herufi sin. Kiswahili hakikuona haja ya kutofautisha sauti hizo mbili, maneno yakagongana, na ndiyo maana "kusoma sura" kunateleza mdomoni kana kwamba uso ni ukurasa uliochapwa.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba lugha yetu ilishaitenga misuli na moyo zamani. Tunasema mtu amekunja uso, amekunja ndita, amekunjua uso. Hayo ni maelezo ya ngozi, na yanaishia hapo hapo. Kukasirika ni neno jingine. Mama yangu akitunga uzi kwenye sindano hukunja ndita kama mtu aliyekuja kudai deni, halafu uzi ukipita huku ameshaanza kuimba. Kamera ikimpiga picha sekunde moja kabla, itaona nyusi zilizoshuka na macho yaliyobanwa, na programu nyingi zitaandika: hasira.

Kuziona nyusi zile zimeshuka ni kazi halali kabisa, na ina historia ya kuheshimika. Mwaka 1978 Paul Ekman na Wallace Friesen wa Marekani walitoa mfumo wa kuugawa mwendo wa uso katika vipande vyenye namba, wakijengea juu ya kazi ya Carl-Herman Hjortsjö, mtaalamu wa anatomia wa Sweden. Namba 4 ni nyusi kushuka, namba 6 ni mashavu kupanda, namba 12 ni pembe za midomo kuvutwa. Namba hizo hutumika kuifundisha kompyuta kuuona mwendo wa uso, na wachora katuni hutumia mfumo huo huo kuunda nyuso za kompyuta zinazocheka na kulia. Sijasikia mtu akidai kwamba katuni hiyo ina huzuni ndani yake.

Daktari Duchenne wa Ufaransa aliligusa jambo hili katika kitabu chake cha 1862. Alimwekea mzee mmoja, ambaye uso wake ulikuwa na ganzi, ncha za umeme mashavuni, na misuli ikajikunja yenyewe. Kwenye picha anaonekana anacheka. Furaha haikuhusika.

Sasa hatua ya tatu, ile ya kudai kujua hisia, kompyuta inaipata wapi? Inaipata kwetu. Mkusanyo mmoja uliotumika sana, FER-2013, una picha 35,887 za rangi ya kijivu, kila moja ina ukubwa wa pikseli 48 kwa 48, zimegawanywa katika mafungu saba. Zilikusanywa kwa kutafuta mtandaoni maneno ya hisia. Kwa hiyo kompyuta ilichojifunza ni jina ambalo watu wameubandika uso wa namna fulani. Na watu hawabandiki sawa: utafiti wa 2016 katika visiwa vya Trobriand, Papua Guinea Mpya, ulionyesha kwamba uso wa macho makubwa na mdomo wazi, ambao Wazungu wanauita wa hofu, kule vijana waliuona kuwa wa mtu anayetisha. Mwaka 2022 Microsoft ilitangaza kuiondoa huduma yake ya kukisia hisia kutoka usoni. Tangu Februari 2025 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku mifumo ya kukisia hisia za watu kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Kufungua simu kwa uso hakumo katika katazo hilo, maana ni kazi nyingine.

Yule kijana sikumsahihisha mbele ya mteja, biashara ni biashara. Ningemshika pembeni ningemwambia aseme simu "inakutambua", na hapo yuko sawa. Akija kuuza ile inayodai kujua hasira, aseme "inahisi". Kuhisi kwetu kuna maana mbili, kupata hisia na kukisia, na hapo anahitaji ile ya mtu anayetazama mawingu upande wa baharini na kusema nahisi mvua itanyesha, halafu anaanika nguo hivyo hivyo.